Kufuli la Bibi Eneida

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Yarelis alikaa kwenye kiti cha jikoni, akachagua kidole kisicho na alama ya jana, akakitoboa, akagusisha tone la damu kwenye mashine ya kupima sukari na kuhesabu moja mpaka tano. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka tisa, alipoambiwa kwamba ana kisukari na kwamba kongosho lake limeacha kutengeneza insulini. Angeweza kuifanya huku amefumba macho, na mwezi huo wa Desemba ndivyo alivyoifanya, maana macho yenyewe yaligoma kufunguka.

Alhamisi hiyo mashine iliandika mia mbili hamsini na moja. Kabla ya kifungua kinywa ilitakiwa isizidi mia moja na thelathini.

Mama yake, Ileana, ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini. Desemba nzima alipangiwa zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee huko mjini. Aliondoka saa mbili usiku baada ya kumchoma Yarelis sindano yake ya insulini, akarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi akiwa na miguu iliyovimba. Aliisoma ile namba kabla hajatua mkoba.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu, Mama."

"Yarelis."

"Haki ya Mungu, sijala kitu."

Angekuwa mtoto mwingine, huenda angeaminiwa. Lakini Desemba ya mwaka uliopita Yarelis alikutwa nyuma ya tangi la maji amekumbatia bakuli zima la tembleke, ule utamu wa nazi unaotikisika ukiugusa, huku mdalasini umemjaa puani. Tangu siku hiyo, sukari ikipanda kwa sababu yoyote ile, hukumu ilitolewa kwanza na kesi ikasikilizwa baadaye, kama ilisikilizwa kabisa.

Bibi Eneida, mama yake Ileana, hakungoja kuambiwa. Alimwaga mkoba wa shule juu ya meza, akapekua madaftari, akanusa kikasha cha kalamu, akaingiza mkono hadi ndani ya viatu vya michezo. Hakupata kitu. Kwa mtu mwingine, kutopata kitu kungekuwa ushahidi kwamba hakuna kitu. Kwa Bibi Eneida kulikuwa ushahidi kwamba mjukuu wake amezidi kuwa mjanja.

"Utamtoa mama yako roho," alisema. "Unaona alivyochoka?"

Yarelis aliona. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka kiasi kwamba kijiko cha uji alikiona kizito. Lakini hakuna aliyemuuliza habari ya uchovu. Kila mtu aliuliza habari ya tembleke.

Sababu ya uchovu huo ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye masikio. Katika milima ya Puerto Rico, Krismasi haingoji tarehe ishirini na tano. Inaanza Novemba inapomalizika, na inakuja na parranda. Watu hujikusanya kimyakimya mbele ya nyumba yako usiku wa manane, wewe umelala fofofo, kisha kwa ishara moja matari, manyanga na vibuyu vya kukwaruza vinalipuka chini ya dirisha lako pamoja na sauti ishirini. Humfokei mtu. Unafungua mlango, unapasha moto supu nzito ya wali na kuku, wanakula, halafu na wewe unavaa viatu na kwenda nao kumwamsha jirani. Bibi Eneida alikuwa amewafungulia mlango kwa miaka arobaini bila kukosa hata mara moja, na aliliringia jambo hilo kuliko watu wengine wanavyoringia shamba.

Mwaka huo kulikuwa na sababu ya ziada ya kuringa. Kiongozi wa parranda ya mtaa wa Cerro Hondo alikuwa mjomba wake Yarelis, Efraín. Mzee aliyekuwa akipiga kwatro, lile gita dogo la nyuzi kumi, alihamia kwa binti yake pwani, na Mjomba Efraín alimtazama mpwa wake vidole, akasema nafasi ni yake. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa nafasi hiyo. Yarelis alilala saa tatu, akaamshwa saa sita, akapiga kwatro nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kurudi kitandani saa tisa au saa kumi alfajiri. Bibi Eneida mwenyewe ndiye aliyemwamsha, akamvika sweta, akambebea mkoba wa kwatro.

"Krismasi si ya kulala," alimwambia kila usiku.

Mama alijua parranda zinapita. Hakujua kwamba mwanawe anaondoka nazo. Bibi hakumwambia, na Yarelis naye hakumwambia, kwa sababu walijua wote wawili Mama angesema nini.

Shuleni siku hiyo Yarelis alilala katika kipindi cha hesabu. Hakusinzia, alilala kabisa, shavu juu ya daftari, mpaka mwalimu akaacha kufundisha na darasa zima likangoja kuona ataamka lini. Binamu yake Joniel, mwana wa Mjomba Efraín, alimpiga teke la kificho chini ya dawati. Alipoinua kichwa, jibu la swali la nne lilikuwa limejichapa kwenye shavu lake.

Alipelekwa kwa Nesi Ramonita. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, anayeandika kila kitu. Alimpima akakuta mia mbili na thelathini. Aliuliza kuhusu chakula, Yarelis akajibu. Aliuliza kuhusu sindano, Yarelis akajibu. Kisha akauliza huwa analala saa ngapi.

Yarelis alihisi swali hilo linakwenda wapi. Akiongea ataikosa parranda, na nafasi ya kwatro itakuwa ya mtu mwingine kabla ya Jumamosi.

"Saa tatu," alisema.

Haukuwa uongo. Alilala saa tatu. Nesi hakuuliza anaamka saa ngapi, naye hakujisumbua kumwambia. Nesi Ramonita aliandika "saa tatu" kwa mwandiko wake mzuri, akamtazama kidogo, akamruhusu kurudi darasani.

Ijumaa asubuhi mashine ilisema mia mbili sitini na tatu. Mama alikaa chini na kushika kichwa.

"Wiki ijayo, Ijumaa, ni tamasha la Krismasi la shule," alisema polepole. "Najua wewe ndiye utakayefungua kwa kwatro. Najua umefanya mazoezi tangu Septemba. Namba hizi zisiposhuka, hupandi jukwaani. Sitakaa kwenye kiti nikupigie makofi huku unajiua."

"Lakini Mama, sijala kitu."

"Basi hiyo sukari imetoka wapi? Imedondoka kutoka darini?"

Bibi alisema afadhali mtoto aseme tu, kusema ni nusu ya kupona. Mama alisema hakasiriki, anataka ukweli. Bibi akasema yeye anakasirika, lakini naye anataka ukweli. Waliuliza kwa zamu, mmoja akipumzika mwingine akashika. Ilifika saa moja kasoro, basi la shule lilikaribia, kichwa kilimgonga, na Yarelis akaona kwamba kuna njia moja tu ya kutoka katika jiko hilo.

"Sawa," alisema. "Nimekula tembleke."

Bibi Eneida alipumua kwa faraja kubwa.

"Kiasi gani?"

"Bakuli. Nusu bakuli."

"Umeitoa wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alitaja jina la kwanza lililomjia, la Bi Carmín, jirani wa chini ya mteremko, akakimbilia basi.

Kosa kubwa. Bibi hakusubiri hata kunywa kahawa. Aliteremka kwa Bi Carmín akiwa na kandambili na hasira, akamwambia mbele ya watu kwamba anamlisha sumu mtoto wa watu. Bi Carmín alimjibu kwamba hajapika tembleke tangu alipofiwa na mume wake, kwa sababu ndicho kitu ambacho marehemu alikipenda, na kwamba akimaliza kupiga kelele anakaribishwa kahawa. Bibi Eneida alipanda mteremko na aibu yake. Kwa kuwa hakujua aipeleke wapi, aliipeleka dukani na kununua kufuli.

Jioni Yarelis alipotoka shule alikuta kabati la jikoni limefungwa. Bibi alikuwa amegongomea vipete viwili vya chuma mlangoni na kutia kufuli kubwa la manjano. Ndani aliweka sukari, asali, wali mtamu wa nazi, biskuti na vile vipakiti vidogo vya juisi vilivyokaa siku zote mlangoni mwa friji. Ufunguo aliutundika shingoni kwa utepe, ndani ya gauni.

"Sasa tutaona," alisema.

Usiku huo huo alimwamsha Yarelis saa sita. Walizunguka nyumba tano.

Jumamosi asubuhi, huku kabati limefungwa na ufunguo uko shingoni, mashine ilisema mia mbili na sabini. Mtu angedhani hapo Bibi angesimama na kujiuliza. Wapi! Alisema ni dhahiri mtoto ana mshirika. Joniel alipokuja kumwita binamu yake wakacheze, aliwekwa ukutani na kupekuliwa mifuko. Alikutwa na gololi, uzi wa kwatro uliokatika na kipande cha sabuni ambacho mwenyewe hakuweza kukieleza.

"Nyumba hii ina polisi wengi kuliko kituo," Joniel alimnong'oneza Yarelis.

Yarelis hakucheka. Alikuwa amekunywa glasi nne za maji na bado ana kiu. Usiku, hata katika zile saa chache alizopata kitandani, alikuwa ameamka mara tatu kwenda chooni. Alitamani kupiga kelele. Akisema kweli haaminiki, akisema uongo unamgeuka, na kila mtu anayempenda anamtazama kama mwizi.

Jioni Mama alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikuwa amepiga simu kliniki ikaita bila kupokelewa, kwa kuwa ilikuwa wikendi. Alisimama na sindano mkononi muda mrefu, kisha akaongeza yuniti mbili juu ya dozi ya kawaida ya usiku. Alimwambia Yarelis kwa sauti ya mtu anayejishawishi mwenyewe kwamba mbili si nyingi.

Usiku huo mvua ilinyesha. Ilinyesha ile mvua ya milimani isiyo na haraka, ikafunga barabara kwa matope, na parranda haikutoka. Yarelis alilala saa tatu akaamka saa kumi na mbili. Jumapili asubuhi alikuwa na mia moja arobaini na moja.

"Kufuli," alisema Bibi Eneida, akapigapiga kifua pale ulipo ufunguo. Aliwaeleza majirani wawili kwenye ngazi za kanisa.

Mama aliacha dozi vilevile, na zile yuniti mbili juu. Jumapili usiku mvua ilinyesha tena, na Yarelis akalala tena.

Jumatatu alizinduka mapema, giza likiwa bado dirishani. Shuka lilikuwa limelowa jasho. Mikono ilimtetemeka na midomo ilikuwa na ganzi. Aliijua hali hiyo. Sukari ilikuwa imeshuka, na mtu mwenye sukari iliyoshuka hana muda wa kufikiri, anatakiwa kunywa kitu kitamu papo hapo. Alishika ukuta mpaka jikoni, akafungua friji, akapapasa mlangoni mwake pale zinapokaa juisi. Hapakuwa na kitu.

Alilitazama kabati. Kufuli la manjano lilimtazama.

"Bibi," aliita. Sauti ilitoka ndogo.

Bibi Eneida alitoka chumbani amevaa gauni la kulalia, akamwona mjukuu wake amekaa sakafuni, amegeuka rangi. Hakuhitaji kuelezwa. Alikimbilia kabatini, akakumbuka ufunguo, akarudi chumbani. Alitazama chini ya mto. Alitazama ndani ya kikombe cha meno bandia. Alivuta droo yote ikamwagika. Alimwita Mtakatifu Antonio, anayetafuta vitu vilivyopotea, akamwita kwa ukali. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake muda wote, umening'inia mgongoni ulikogeukia alipokuwa usingizini, naye alikuwa ameshausahau.

Hapo ndipo Mama aliposukuma mlango. Alimwona mtoto, akaliona kabati, akamwona mama yake anapekua kapu la nguo. Hakuuliza. Alichukua mchi wa kinu juu ya meza na kukipiga kipete kimoja mara moja, mara mbili, mara ya tatu kikang'oka na misumari yake, na kufuli likaanguka sakafuni likiwa bado limefungwa. Alitoboa pakiti ya juisi akamwekea Yarelis mrija mdomoni.

"Kunywa. Yote. Kunywa, mwanangu."

Alimpima. Hamsini na nne. Walikaa sakafuni wote watatu wakisubiri dakika kumi na tano. Alipopima tena ilikuwa themanini na nane. Yarelis aliacha kutetemeka. Bibi Eneida ndiye aliyeanza kutetemeka.

Saa mbili asubuhi Mama alikuwa mbele ya meza ya Nesi Ramonita, bado amevaa sare ya kazini. Bibi alikuwa amekuja nao, hakukubali kubaki. Mama alieleza yote bila kupumzika: kwamba mtoto amekula tembleke, kwamba hajala tembleke, kwamba sukari inapanda kabati likiwa limefungwa na inashuka mpaka kumwangusha, kwamba ameongeza dozi, kwamba hajui tena afanye nini.

"Daftari lake la sukari unalo?" aliuliza Nesi.

Yarelis alilitoa. Nesi Ramonita aliweka kidole kwenye ukurasa, akashuka nacho polepole. Kisha kidole kikasimama pembeni, kwenye ukingo wa karatasi.

"Hizi nyota ni za nini?"

Yarelis alizichora kwa kalamu nyekundu, kwa fahari, akidhani hakuna mtu mwingine atakayezijali. Kila parranda ilikuwa na nyota zake, nyota moja kwa kila nyumba aliyopiga kwatro. Alimtazama Bibi. Bibi alikuwa akisoma kwa makini sana picha ya ukutani inayofundisha kupiga mswaki.

Angeweza kusema ni mapambo. Lakini bado alikumbuka ganzi ya midomo na uso wa Mama alipoinua ule mchi.

"Ni parranda," alisema. "Nilikwambia nalala saa tatu. Ni kweli, lakini naamka saa sita naenda nao mpaka alfajiri. Sikusema kwa sababu mngenikataza." Akamgeukia Mama. "Na ile tembleke sikula. Nilichoka kuulizwa, nikasema nimekula."

Mama akamgeukia Bibi Eneida.

"Uliniambia analala."

"Analala," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Halafu anaamka."

Nesi Ramonita aligeuza daftari ili wote waone. Jumatano usiku nyota tatu, Alhamisi asubuhi mia mbili hamsini na moja. Alhamisi nyota nne, Ijumaa mia mbili sitini na tatu. Ijumaa nyota tano, Jumamosi mia mbili sabini. Siku za mvua hakukuwa na nyota hata moja, na sukari ikashuka.

"Mwili usiolala hujiona uko hatarini," alisema. "Unatoa homoni za kumfanya mtu awe macho. Homoni hizo zinaliambia ini limwage sukari kwenye damu, na wakati huohuo zinaifanya insulini aliyochomwa ifanye kazi kivivu. Mtoto anaweza kula vizuri kabisa na bado akapanda. Sukari ikishapanda inamwamsha akojoe na anywe maji, kwa hiyo hata usingizi kidogo aliobaki nao unakatika. Kisha nyinyi mkaongeza dozi. Alipolala vizuri, mwili ukaipokea insulini kama kawaida, na dozi ikawa kubwa kwake."

Alimpigia simu daktari hapo hapo, dozi ikarudishwa ilivyokuwa, na Mama akaambiwa asiiguse tena bila kuuliza. Kuhusu juisi, Nesi alizungumza na Bibi peke yake, kwa upole, lakini hakuficha kitu. Chakula kitamu cha mwenye kisukari hakifungiwi. Kuna siku ndicho kinachokuwa dawa yake.

Njiani kurudi Bibi Eneida alitangulia mbele kwa hatua za haraka, na hilo peke yake liliwatia hofu.

Mambo ya usiku wa Jumatatu Yarelis aliyasikia kesho yake kutoka kwa Joniel, kwa sababu yeye alikuwa amelala. Parranda ilikuja saa sita kama kawaida, watu ishirini na zaidi, wakasimama kimya mbele ya nyumba. Kabla Mjomba Efraín hajainua mkono, lango likafunguka kidogo na Bibi Eneida akatoka amevaa gauni la kulalia, ameshika ufagio.

"Akasema atakayegusa tari atalimeza," Joniel alisimulia. "Baba akamwambia, Mama, miaka arobaini hujawahi kutufungia. Bibi akasema miaka arobaini alikuwa mjinga, sasa anaanza kupata akili, tusimcheleweshe. Tukapita kwa ncha za vidole, kibuyu nimekificha ndani ya shati. Mbwa akabweka. Bibi akamrushia kandambili."

Jumanne asubuhi sukari ilikuwa mia moja sitini na nane. Jumatano ilikuwa mia moja arobaini na tisa, Alhamisi mia moja ishirini na sita. Kila usiku Yarelis alilala saa tatu na hakuamshwa. Haikuwa rahisi. Usiku wa Jumatano alisikia matari kwa mbali, upande wa kanisani, akajua kwatro inapigwa na mtu mwingine, vibaya, na akalia kwa hasira mpaka mto ukalowa. Kisha usingizi ukamchukua.

Ijumaa ilikuwa mia moja kumi na nane. Mama aliipiga picha ile namba kwa simu. Jioni hiyo Yarelis alifungua tamasha, vidole vikienda vyenyewe, bila kukosea hata uzi mmoja, na Bi Carmín, aliyealikwa rasmi na Bibi Eneida baada ya kuombwa radhi rasmi, alilia kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Lakini kilichozungumzwa Cerro Hondo siku nyingi baadaye kilitokea saa moja usiku, waliporudi nyumbani. Bibi alikuwa amepatana na mwanawe Efraín: parranda ije mapema, imalizike kabla ya saa tatu. Tatizo ni kwamba parranda humwamsha mtu, na saa moja hakuna aliyelala. Bibi Eneida hakukubali desturi iharibiwe. Alizima taa zote, akaingia kitandani na viatu vyake, akajifunika mpaka kidevuni na kuamuru kila mtu afanye hivyohivyo. Yarelis alilala gizani amekumbatia kwatro, anajiuma midomo asicheke. Matari yalipolipuka chini ya dirisha, Bibi alitoka akipikicha macho.

"Jamani, mmenishtua," alisema, na supu ilikuwa tayari inachemka.

Yarelis alipiga kwatro kwa saa moja na nusu. Saa tatu kasoro watu walibeba ala zao na kuondoka kuelekea nyumba nyingine. Alisimama kwenye ngazi akiwasikiliza wakiteremka. Moyo ulimuuma, hakuna haja ya kudanganya.

Bibi Eneida aliwasindikiza mpaka langoni. Alifunga lango, akavua utepe wenye ufunguo shingoni, na kwa kufuli lile lile la manjano akalifunga kabisa. Kisha akarudi na kukaa kwenye ngazi kando ya mjukuu wake.

"Kufuli halikuwa na kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyelitia pasipo pake. Nililinda kabati usiku na mchana, na kilichokuwa kinaibiwa ni usingizi wako. Mwizi nilimfungulia mlango mwenyewe, nikampashia moto na supu. Usingizi ni sehemu ya dawa yako, kama sindano. Sikulijua hilo. Unisamehe."

Yarelis hakuwahi kumsikia Bibi akiomba msamaha nyumbani. Alimwegemea begani.

"Na wewe," Bibi aliendelea, "siku nyingine ukichoka kuulizwa, choka, lakini sema kweli vilevile. Hata kama sisi ni viziwi. Usingesingizia tembleke, nisingemtukana Carmín wa watu."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, kitandani. Saa tatu imefika."

Pakiti ya juisi ilikuwa juu ya kimeza kando ya kitanda, mahali ambapo mkono unaifikia bila kuamka. Yarelis alijifunika shuka. Kabla parranda haijafika nyumba ya pili, alikuwa ameshalala.